Mwana wa Pekee Anapotaka Upadre

Ungejibu nini iwapo mwanao wa pekee angekuambia kwamba anataka kwenda seminari kusomea upadre? Swali hilo limebisha hodi nyumbani kwa dada yangu, hapa Gazi. Mwanawe amemaliza kidato cha nne, na dada hana raha. "Nani ataniletea wajukuu?" analia. Jirani yake, mama wa Kiislamu, amemtuliza kwa kumwambia kuwa kijana anayetaka kumtumikia Mungu si wa kuliliwa.

Hebu tutazame asili ya jambo lenyewe. Nchini Uganda, Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, walianza kuwafundisha vijana wa huko katika miaka ya 1890. Mwaka 1911 ikaanzishwa seminari kuu ya Katigondo, karibu na Masaka. Tarehe 29 Juni 1913, Bazilio Lumu na Victor Mukasa wakapewa upadre, baada ya masomo ya karibu miaka 20. Joseph Kiwanuka, aliyesoma Katigondo, alipata upadre mwaka 1929, na mwaka 1939 Papa Pio wa 12 akamweka wakfu kuwa askofu huko Rome. Shabaha ya seminari ilikuwa hiyo: waumini wachungwe na wana wa nchi, wanaozijua lugha na shida zao.

Lakini kuingia seminari si kufungwa pingu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inadai angalau miaka 6 kamili ya falsafa na teolojia, na kwa kawaida kijana hapewi upadre kabla ya kutimiza miaka 25. Muda wote huo ni wa kupimana. Walezi wanampima, naye anajipima. Akiona useja umemshinda, huaga akaondoka na elimu yake.

Sheria hiyo hiyo inakataza mtu yeyote kulazimishwa kupokea upadre. Vilevile inakataza kumzuia anayefaa.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, usimsukume mwanao wala usimfungie njia. Mwulize anakimbilia nini, na kama kuna anachokikimbia. Msikilize hadi mwisho. Kisha mpe baraka zako, na umwambie waziwazi kwamba hata akirudi bila kanzu, bado ni mwanao.