Ishango, Mahali pa Wavuvi wa Kale

Watu wa mbali wakitajiwa Parki ya Taifa ya Virunga, mara moja hufikiri juu ya gorila wa milimani na volkeno zinazong'aa usiku. Ni haki yao, maana mambo hayo ni ya ajabu kweli. Lakini upande wa kaskazini wa parki ile, ukingoni mwa Ziwa Edward, pana mahali padogo pasipo gorila wala moto, na jina lake linajulikana na wenye elimu wa dunia nzima. Mahali hapo ni Ishango. Twataka kuwasimulia tuliyoyaona huko tulipokuwa wanafunzi, kwa sababu somo tulilolipata linafaa kila jamaa yenye shamba, jembe na watoto.

Parki hiyo iliwekwa tarehe 21 Aprili 1925, ikapewa jina la Albert, mfalme wa Wabelgiji. Tangu mwaka 1969 inaitwa Virunga. Eneo lake ni karibu kilometa za mraba 7,800, tangu volkeno za kusini mpaka theluji za Ruwenzori. Katikati yake limelala ziwa. Mto Semliki unatoka katika ziwa hilo hapo hapo Ishango, unashuka kuelekea kaskazini mpaka Ziwa Albert, na kutoka huko maji yake yanaingia katika Nile. Basi mwanafunzi akisimama Ishango na kutupa jani mtoni, anaweza kusema moyoni kwamba ameliagiza Misri.

Safari yetu ilikuwa miaka michache kabla ya 2014, wakati njia zile zilipokuwa bado na amani kidogo. Tulikuwa kalasi ya mwaka wa mwisho, na mwalimu wetu wa historia alikuwa amepata ruhusa ya wakubwa wa parki. Tuliondoka Beni alfajiri katika kamyo, tukashuka kwa njia ya Kasindi. Mwituni tulisikia baridi, lakini tulipofika bondeni miti ilipungua, majani yakawa marefu, na joto likatupiga usoni. Tukavuka daraja la Semliki, na baadaye tukaiacha njia kubwa na kuelekea kusini. Milima ya Ruwenzori ilikuwa imejificha katika mawingu, kama ilivyo desturi yake.

Tulipofika, wengi wetu tulisikitika kidogo. Tulitazamia kuona kuta za mawe, au angalau makaburi ya wafalme. Hapakuwa na kitu cha namna hiyo. Palikuwa na genge la udongo juu ya mto, vibanda vya walinzi, ndege wengi weupe na weusi, na viboko wakikoroma majini. Mwenzetu mmoja alisema kwa sauti, «Mwalimu, iko wapi hiyo historia?» Mwalimu alicheka, akaonyesha genge kwa fimbo yake: «Mnaikanyaga, wanangu.»

Hapo akatueleza. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, mstadi wa elimu ya miamba na udongo, alichimbua ukingo ule. Hakuchimba kama mtu anayetafuta dhahabu. Aliondoa udongo tabaka kwa tabaka, polepole, akiandika kila kitu kilipokuwa. Chini ya majivu ya volkeno alikuta mahali walipokaa wavuvi wa kale: mifupa ya samaki kwa wingi, mifupa ya wanyama, vifaa vya mawe, na vyusa vilivyochongwa kwa mfupa. Chusa ni ncha ya kuvulia yenye miiba, inayoingia katika samaki na kukataa kutoka. Vile vya tabaka za chini vilikuwa na miiba pande mbili. Vile vya tabaka za juu vilikuwa na miiba upande mmoja tu. Kwa hiyo ukingo ule ni kama kitabu: kurasa za kale ziko chini, na kurasa mpya ziko juu, na desturi ya mafundi inabadilika kutoka ukurasa hata ukurasa.

Katika udongo huo huo kulikuwa na mfupa mdogo wa rangi ya kahawia, urefu wake kama sentimeta 10, wenye kipande cha jiwe gumu linaloitwa kwatzi kilichoshikizwa nchani. Mwilini mwake mna chale nyingi zilizokatwa kwa mistari mitatu. Mwalimu alikuwa ameuchora kwenye karatasi kubwa, naye alituamuru kuhesabu. Mstari mmoja una mafungu ya chale 11, 13, 17 na 19. Wa pili una 11, 21, 19 na 9. Tulijumlisha: kila mmoja unafika 60. Wa tatu una 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7, na jumla yake ni 48. Tulitazamana. Tulikuwa tumezoea kufikiri kwamba hesabu ilikuja kwetu katika sanduku la mwalimu wa kwanza wa misioni, pamoja na ubao na chaki.

Lakini mwalimu hakuturuhusu kujivuna upesi. De Heinzelin mwenyewe alifikiri kwamba chale zile ni mchezo wa hesabu, kwa kuwa 3 inafuatwa na 6, na 4 inafuatwa na 8, kama mtu anayezidisha mara mbili. Mwamerika Alexander Marshack alifikiri ni alama za siku za mwezi wa angani. Wengine wanasema pengine zilikatwa tu ili mkono ushike vizuri. Hata umri wa mfupa ulibadilika: kwanza ulidhaniwa kuwa wa miaka chini ya 12,000, upimaji wa baadaye umeonyesha kwamba ni wa miaka 20,000 hivi au zaidi. «Msiseme zaidi ya vile mfupa unavyosema,» alituonya. «Lakini msiseme pungufu pia. Mtu aliyezikata chale hizi alikuwa na subira, na akili, na kisu kikali.»

Akatuonyesha pia upande wa mto unakokwenda. Kilometa chache kutoka hapo ni Katanda, ambapo Wamerika Alison Brooks na John Yellen pamoja na wenzao walichimbua katika miaka ya 1980. Walikuta ncha za mfupa zenye miiba, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa. Walipotangaza habari hiyo mwaka 1995, walisema vitu hivyo ni vya miaka karibu 90,000. Kama ni hivyo, uvuvi wa Semliki ni kazi ya kale kuliko karibu kila kazi tunayoijua.

Mchana tuligawanywa watatu watatu ili kutembea chini ya genge, kila kundi na daftari, kamba ya kupimia na kalamu ya risasi. Kuchimba tulikatazwa kabisa. Kwa muda mrefu hatukuona kitu ila kokoto na kinyesi cha viboko. Ndipo mwenzetu mmoja aliinama, akanyamaza. Mbele yake, udongo ulikuwa umemomonyoka kwa mvua, na kipande cha mfupa mweusi kilikuwa kimechomoza, chenye miiba miwili iliyo wazi kabisa. Mkono wake ulikuwa tayari umeanza kukivuta. Alitaka kukipeleka shuleni, akiweke juu ya meza, kila mtu akione.

Mwalimu hakumgombeza. Alisema: «Mwanangu, kikikaa hapo ni neno katika sentensi. Ukikitia mfukoni ni mfupa tu. Nani atajua kilikuwa chini ya majivu au juu yake? Nani atajua kililala pamoja na samaki gani?» Basi tulipima urefu kutoka juu ya genge, tukachora, tukaandika rangi ya udongo, tukamwita mlinzi. Yeye aliandika habari hiyo katika daftari lake. Tukakiacha mahali pake. Tuliondoka polepole, tukigeuka nyuma mara nyingi, na yule aliyekiona kwanza hakusema neno kwa saa nzima.

Kesho yake tulivushwa kwa mtumbwi mpaka Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi cha ng'ambo. Tulimwonyesha mzee mmoja michoro ya vyusa. Aliitazama sana, kisha akauliza ni fundi gani aliyevitengeneza. Tulipomjibu kwamba amekufa zamani mno, alitikisa kichwa: «Mwenzangu huyo alijua samaki. Miiba hii imeelekezwa nyuma vizuri.» Twaona kwamba mfundi wa zamani hakupata kamwe sifa bora kuliko hiyo.

Jioni swali moja lilisumbua wote: kwa nini mfupa wenye chale uko Brussels, katika jumba la elimu ya viumbe, nasi wana wa nchi tumeuona katika karatasi? Mwalimu alikiri kwamba swali hilo ni la haki. Akaongeza kwamba mfupa ule unasema hata leo kwa sababu aliyeutoa aliandika ulipolala. Na kwamba siku tutakapoudai, watatuuliza jinsi tunavyovilinda vile vilivyobaki.

Na kulinda si kazi rahisi. UNESCO iliandika parki hiyo kati ya urithi wa dunia mwaka 1979, na mwaka 1994 ikaiweka katika orodha ya mahali palipo hatarini. Viboko, waliokuwa karibu 30,000 katika miaka ya 1970, walihesabiwa chini ya 1,000 mwaka 2005. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa kazini. Tangu mwaka 2014 vijiji vya Beni vimezika watu wengi mno waliouawa bila kosa. Mahali ambapo watu hawana amani, nani ataketi kusoma tabaka za udongo?

Hata hivyo, ndugu wasomaji, sehemu moja ya kazi hiyo i mikononi mwetu, wala haihitaji bunduki. Ukichimba msingi wa nyumba, au shimo la maji, au ukilima shamba jipya, na jembe likagonga chungu cha kale, au jiwe lililochongwa, au mfupa wenye alama, usikivunje, usikiuze kwa mpita njia, wala usikiondoe upesi. Simamisha jembe. Pima kina chake, hata kwa hatua na shubiri. Mwite mwalimu wa kijiji na mkubwa wa mahali. Nanyi wanafunzi, andikeni siku, mahali na rangi ya udongo, kwa maandishi yanayosomeka. Mhesabu wa Ishango alikata chale zake bila kujua kwamba sisi tutazisoma. Nasi tusiwanyang'anye watakaokuja baada yetu nafasi ya kuyasoma yale ambayo sisi bado hatujayafahamu.