Mikono na Sahani
Kwetu Simi-Simi tuna mbwa mchanga wa jamii ya basenji, wale wa msituni wasiobweka. Hakutoa onyo: mdogo wangu aliinamia sahani yake, meno yakapita karibu na kidole. Baba akatoa mwezi mmoja, asipobadilika, auzwe.

“Yaya, ananichukia?”

Hapana. Aliogopa mikono, na mikono hiyo ilikuwa yangu. Nilizoea kumnyang’anya mfupa ili ajue mkubwa ni nani (ujinga, nakiri). Nikaanza upya: kila nikipita penye sahani nilidondosha kipande cha samaki, nikaenda zangu. Wiki ya pili aliacha kukaza mwili. Ya tatu aliinua kichwa, akangoja.

Jana mdogo wangu alidondosha samaki mwenyewe, mkono ukitetemeka. Baba alikuwa amesimama mlangoni, anatazama. Mwezi unaisha Jumapili.