Nyumba Isiyo na Taka

Jioni moja ya muhula wa kwanza, msichana wa Gredi ya Pili alirejea nyumbani Korogocho, mashariki mwa jiji la Nairobi, akiwa na kijikaratasi mkononi. Mwalimu alikuwa ameorodhesha humo mahitaji ya somo la sanaa: trei moja ya mayai, vifuniko ishirini vya soda, pakiti mbili za maziwa na ule mrija wa karatasi unaobaki shashi ya msalani inapokwisha. Chini ya orodha hiyo palikuwa na maneno ya kumtuliza mzazi moyo: asinunue chochote, bali atumie vitu vilivyokwisha kazi nyumbani.

Mama mtu aliyasoma maneno hayo mara mbili, kisha akayaangaza macho chumbani. Mayai yeye hununua mawili mawili, yakafungwa kwa kipande cha gazeti. Maziwa yake hupimwa kutoka katika mashine ya dukani, yakamiminwa kwenye kikombe alichokwenda nacho. Soda huonekana humo siku ya Krismasi. Trei moja hubeba mayai 30. Mwenye trei tupu ni yule aliyeimudu ilipokuwa imejaa. Ndipo alipotanabahi jambo ambalo halikuwahi kumpitikia akilini: hata taka ina wenyewe, na nyumba yake haikuwa miongoni mwa hao.

"Tutavitoa wapi vitu hivi, mwanangu?" aliuliza.

"Usijali, Mama. Wenzangu huviokota."

Jumamosi adhuhuri mtoto aliingia na gunia dogo begani, uso ukimng'aa kwa furaha ya mtu aliyetimiza wajibu. Alikuwa ametoka pambizoni mwa jaa la Dandora. Vifuniko vilizidi ishirini. Trei ilikuwapo, imegandamana na kiini cha yai kilichokauka na madoa ya kinyesi cha kuku. Chini kabisa mlikuwa na bomba la kudungia dawa, la plastiki, lisilo na sindano. Mtoto alilinyanyua kwa fahari. Hilo, alisema, lingekuwa dohani la nyumba atakayoiunda.

Mwili ulimsisimka mama. Alilitwaa bomba lile kwa ncha za vidole, akamkagua mwanawe viganja vyote viwili, kidole baada ya kidole, asione mchubuko. Kisha akafanya alichokijua. Alitenga mtungi mmoja wa maji aliyoyanunua, akayapasha moto, akatia sabuni. Vifuniko vilitakata, naye akavianika juani juu ya bati. Trei nayo, kila alipoisugua, ililainika na kumeguka, hata akabaki na rojo la kijivu kiganjani. Imetengenezwa kwa karatasi iliyosagwa. Maji yanayotakiwa kuisafisha ndiyo yanayoiua.

Hapa ndipo ugumu wa jambo hili ulipo, nao hauhusu nyumba hiyo peke yake. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 kuanzia chekechea hadi Gredi ya Tatu, unamtaka mtoto ajifunze kwa kutenda, na kutenda kunahitaji vifaa. Kutumia tena kilichotumika ni hekima: kunapunguza gharama, na kunamfunza mtoto kutotupa ovyo. Hata hivyo, si kila kilichotumika ni sawa na kingine. Maganda ya mayai huweza kubeba bakteria wa salmonela, ambao huishi kwa majuma kadhaa katika uchafu uliokauka na kumletea mtoto homa, kutapika na kuhara. Mtoto wa miaka saba hashiki trei tu. Huishika, akajifuta pua, akala mandazi kwa mkono ule ule. Mrija wa shashi, ambao wazazi wengi huuchukia zaidi, una hatari ndogo kuliko sifa yake, kwa kuwa hufunikwa na shashi yenyewe hadi siku ya mwisho. Tatizo lake kubwa ni mahali ulipowekwa. Kwa upande mwingine, chupa iliyotiwa dawa ya wadudu, ambayo huonekana safi na kupendeza, haifai kurejeshwa katika matumizi yoyote ya nyumbani hata ikisuuzwa mara tatu. Jicho, basi, si hakimu wa kutegemewa katika kesi hii.

Na jaa je? Mwaka wa 2007, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilichapisha utafiti kuhusu jaa hilo hilo la Dandora. Watoto zaidi ya 300 wa maeneo ya karibu walipimwa, na takriban nusu yao wakapatikana na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Risasi hudhuru ubongo unaokua, ikapunguza uwezo wa mtoto wa kujifunza. Ni kinaya kilichoje, basi, iwapo mtoto atatumwa na somo mahali panapomnyang'anya akili ya kulielewa somo!

Usiku ule mama alikumbuka utoto wake chini ya mfumo wa 8-4-4. Wao pia waliambiwa walete vitu: katani ya kusokota kamba, majani makavu ya migomba, udongo wa mfinyanzi. Navyo havikuwa safi kama anavyopenda kuvikumbuka, kwani udongo huweza kuwa na mayai ya minyoo. Lakini walijua ulikochimbwa. Mgomba ulikuwa wa nyanya, na mto ulikuwa na jina. Trei hii ilitoka kwa nani? Bomba lile lilimdunga nani, na kwa ugonjwa gani?

Jumatatu alfajiri alikwenda shuleni kabla ya kufungua kibanda chake cha mboga. Alikuwa amejiandaa kulaumu. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akavuta droo na kumwonyesha kilichokuwemo: mkasi mmoja na chupa ya gundi iliyofika nusu.

"Mzazi, nina watoto sabini. Nikisema nunueni, nusu yao hawatakuja siku hiyo. Nikisema okoteni, ndiyo haya unayoniambia."

"Mwalimu, mimi sikukatai. Nakuomba tu usiandike 'vya nyumbani' kana kwamba nyumba zote zinafanana."

Kimya kilipita kati yao, kimya cha watu wawili waliogundua kwamba wanabeba mzigo mmoja kutoka ncha mbili. Ilipofika mchana orodha ilikuwa imebadilika. Trei iliondolewa, na mahali pake pakawekwa maboksi makavu ya biskuti na sabuni ambayo wenye maduka huyatupa kila juma. Mwalimu mwenyewe angeyaomba. Vifuniko vingeoshwa kwa maji moto na sabuni, vikaanikwa. Mtoto asiye na kifaa asingekitafuta, bali angepewa kutoka kikapu cha darasa. Kitu chochote kutoka jaani kingekataliwa mlangoni, bila ya mtoto kuaibishwa. Na baada ya somo, mikono yote ingeoshwa kwa sabuni, hata ya mwalimu.

Lugha yetu ina mzaha wake. *Taka* ni uchafu, na *taka* ni kupenda upate. Halafu huja *takata* na *takasa*, maneno ya usafi, yakisimama karibu na uchafu kimatamshi kana kwamba ni jirani zake. Pengine mwanaisimu atatueleza ujirani huo. Mama yule hakuuhitaji ufafanuzi. Alikuwa amesimama siku tatu kati ya kile mwanawe alichokitaka na zile taka zilizokuwa njia ya kukipata, akijaribu kutakasa kisichotakasika.

Nyumba ya boksi ilikamilika Ijumaa. Haikuwa na dohani. Mtoto alipoulizwa moshi utapitia wapi, alijibu kwamba hiyo ni nyumba ya stima, kisha akakimbilia bombani kunawa.