Gari ni Amana

Ndugu msomaji, nilipohamia Palma, katika kisiwa cha Mallorca, nilinunua gari kuukuu ya miaka 12. Sheria ya Hispania yataka gari iliyopita miaka 10 ikaguliwe kila mwaka. Nikaipeleka, ikapasi, nikafurahi. Kumbe aliyehitaji kukaguliwa ni mimi mwenyewe!

Leseni ya kwetu Mombasa hutumika huko miezi 6 tu tangu mtu apate ukaazi. Kisha ni lazima awe na leseni ya huko. Miezi yangu ilikwisha. Nafsi ikaninong'oneza: "Umeendesha miaka 30, nani wa kukufunza wewe?" Nami nikaitii.

Asubuhi moja nikafika kwenye kiplefti. Kwetu twapita kushoto, wao wapita kulia. Nikatazama upande niliouzoea, nikaingia. Mama mmoja mwenye pikipiki akafunga breki, akasimama shubiri moja na mlango wangu. Nyuma yake alipakia mtoto. Hakunitukana, alitetemeka tu.

Siku ile niliiweka gari, nikapanda basi hadi nilipofaulu mtihani. Mimi, mwalimu wa miaka mingi, nilikaa darasani pamoja na vijana sawa na wajukuu zangu.

Husemwa mwacha mila ni mtumwa. Lakini barabarani, msomaji wangu, mshika mila ya kwao ugenini aweza kuwa muuaji. Basi kabla hujaikagua gari yako, ikague nafsi yako.