Zawadi Yangu Ilimrudisha Mama Nyuma

Mpenzi msomaji, umewahi kumpelekea mzazi zawadi ikageuka hasara? Mimi yamenipata.

Mama ana mibuni mia mbili huko Sirisia, Bungoma, upande wa Mlima Elgon. Baada ya miaka mingi ya kukopa mbolea na dawa, aliamua kuingia kilimo hai. Mavuno yakapungua, nami mtoto wa mjini nikaona aibu. Siku moja ya Pasaka, mvua zikiwa zimeanza, nilishuka kwenye matatu nikiwa na gunia la mbolea ya dukani. Mama alikuwa kanisani. Kabla hajarudi, nilikuwa nimeshaitia kwenye mashina yote!

Alisimama kando ya shamba, mikono kiunoni. "Mwanangu, nilikuwa nimebakisha miezi minne tu."

Sikiliza hesabu yenyewe. Mahindi huvunwa yakaisha, lakini mbuni husimama palepale miaka na mikaka. Ndiyo maana soko la Umoja wa Ulaya hudai miaka mitatu bila kemikali za viwandani kabla ya mavuno ya mti wa kudumu kuuzwa kama ya kilimo hai. Ukiteleza katikati, waanza upya. Na muda huo wote wavuna kidogo, nawe walipwa bei ile ile ya kawaida. Hapo ndipo wengi hukata tamaa.

Isitoshe, kuna ugonjwa unaoozesha buni mbichi, ulioonekana magharibi mwa Kenya tangu 1922. Mama hupambana nao kwa kupogoa matawi ili hewa ipite, na mibuni mizee anaibadilisha kwa Ruiru 11, aina iliyotolewa mwaka 1985 ambayo huustahimili. Chakula cha miti ni samadi, mboji na matandazo ya majani ya migomba.

"Tukinyamaza, nani atajua?" nilimnong'oneza.

Hakunijibu. Alifungua daftari lake la shamba, akaandika tarehe ya siku ile na neno moja: mbolea. Kisha akaanza kuhesabu upya.

Tangu hapo karo ya mdogo wangu nailipa mimi, hadi kahawa ya mama ikubaliwe. Nawe msomaji, kabla hujafunga mzigo wa kwenda nyumbani, uliza kwanza. Huenda mzazi wako hahitaji gunia. Huenda anahitaji mtu wa kumshikia mzigo wakati akingoja.