Masalio ya Mzunguko

Tulipokuwa tukisomea ualimu hapa Bukavu, tulikabidhiwa mfuko wa kikundi chetu. Siku moja tulibadili dola kuwa faranga za Rwanda, kwa ajili ya safari ya ng'ambo ya Ruzizi. Safari ikaahirishwa, tukazibadili kuwa faranga za Kongo, kisha tukarudi kwenye dola. Fedha zikapungua. Tulimshuku mwenzetu aliyefuatana nasi, naye akajitenga. Baadaye tuliketi na kalamu, tukazidisha bei zote tatu: jibu halikufika moja. Kila wawili walikuwa wamepatana waziwazi. Upungufu ulizaliwa na mzunguko wenyewe.

Wanahisabati wanaijua hali hiyo. Katika jiometria, umbo kubwa hugawanywa vipande, na juu ya kila kipande huwekwa kile ambacho Wafaransa hukiita faisceau, yaani tita. Vipande viwili vinapokutana, matita yake huungwa kwa kanuni ya kubadilishana. Vinapokutana vitatu, kuzipitia kanuni zote tatu hutakiwa kuturudisha tulipoanzia. Tukirudi na masalio, tita hilo limepindika. Masalio mengine huondoka tukirekebisha kanuni za wawili wawili; mengine hayaondoki hata turekebishe vipi. Kinachoyabeba huitwa gerbe, yaani mganda wa nafaka, nacho kilichambuliwa na Jean Giraud katika kitabu chake Cohomologie non abélienne cha mwaka 1971.

Hata alama bainifu za tita, kama zile zenye jina la Shiing-Shen Chern, hapo hubadilika. Njia mojawapo ya kuzipata ni kulizidisha tita kwa lenyewe mpaka msokoto uishe, kisha kutafuta kipeuo. Ndiyo maana mara nyingi huingia sehemu badala ya namba kamili.

Lakini jambo lililotugusa zaidi ni hili. Ikiwa msokoto huisha tu ukirudiwa mara tatu, tita la uzi mmoja haliwezi kuubeba, wala la nyuzi mbili. Sharti nyuzi ziwe tatu, au sita, au tisa.

Upungufu ule ulitupasa kuubeba pamoja. Sisi tulimtwika mmoja. Tulimwendea, tukamwomba msamaha. Alitusamehe, lakini mfuko hakuugusa tena.

Vijana wapendwa, hesabu zenu zikipungua, upigieni hesabu kwanza mzunguko mzima, kabla ya kutaja jina la mtu.