TUSIWALIPE PANYA KWA MATEKE

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Wahenga walinena kuwa fadhila za punda ni mateke. Methali hii huwa tunaitumia kumsuta mtu asiye na shukrani. Leo naomba niigeuze kidogo niwaulize: je, ikiwa punda ni sisi binadamu, na aliyetufadhili ni panya?

Najua kuna walioanza kucheka. Panya gani tena! Panya tunayemjua sisi ni yule anayetoboa masanduku bwenini na kula mikate ya watu usiku wa manane. Huyo simtetei, akinaswa mtegoni, shauri yake. Ninayemzungumzia ni panya wa maabara, yule mweupe mwenye macho mekundu, anayezaliwa kizimbani, akaishi kizimbani na kufa humo humo ili wataalamu wapate kujua kama dawa fulani inaponya au inaua.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Agosti 2024 nikiwa nyumbani likizoni, huko kwetu karibu na Ziwa Victoria, mdogo wangu alishikwa na malaria. Mwili ulikuwa moto kama jiko, meno yakigongana, na usiku akaanza kuweweseka. Alfajiri Mama alimbeba mgongoni hadi zahanati. Alidungwa kidole, damu ikapimwa, akapewa vidonge vya AL vya siku tatu, asubuhi na jioni. Siku ya nne alikuwa akifukuza kuku uani. Sote tulimshukuru Mungu na daktari. Hakuna aliyemkumbuka panya.

Na mbona akumbukwe? Hebu sikilizeni. Mwaka 1948 watafiti wawili, Ignace Vincke na Marcel Lips, waligundua huko Katanga, nchini Kongo, kijidudu cha malaria ya panya wa msituni. Kijidudu hicho, Plasmodium berghei, kinaweza pia kuishi katika panya wa maabara, na tangu hapo dawa nyingi za malaria zimejaribiwa kwao kabla ya kumfikia mtu. Oktoba 1971, huko Uchina, Bi. Tu Youyou na wenzake waliwapa panya wenye malaria dawa waliyoikamua kutoka kwa mmea wa jamii ya pakanga. Vijidudu vyote vikatoweka. Kutokana na mmea huo ikapatikana artemisinini, ambayo ndiyo asili ya vidonge vya AL, na mwaka 2015 Bi. Tu akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Hata penisilini ina deni hilo hilo. Tarehe 25 Mei 1940, huko Oxford, Howard Florey na wenzake waliwadunga panya wanane bakteria hatari. Wanne wakapewa penisilini, wanne wakanyimwa. Kabla ya kupambazuka wale walionyimwa walikuwa wamekufa wote.

Darasani kwetu tumewahi kulijadili jambo hili, na darasa likagawanyika pande mbili. Kuna waliosema majaribio yote kwa wanyama yakomeshwe leo hii. Kuna waliosema panya ni panya tu, wafanywe vyovyote. Mimi sikukubaliana na upande wowote. Siwezi kumtazama mdogo wangu usoni nikasema majaribio yale hayakufaa. Lakini pia siwezi kusema kwamba, kwa kuwa panya atakufa, basi haidhuru akiteseka.

Aliyenifumbua macho ni mjomba wangu, ndugu yake Mama, ambaye ni mtunza wanyama katika taasisi moja ya utafiti jijini Nairobi. Kazi yake ni kuwalisha panya, kubadilisha maranda wanayolalia na kuosha chupa zao za maji. Alipoajiriwa alifundishwa kuwainua kwa mkia, kwa sababu ni haraka na panya hapati nafasi ya kuuma.

"Lakini, mpwa wangu," akaniambia, "kila nikifungua kifuniko walikuwa wakikimbilia pembeni kama wachuuzi walioona kanjo!"

Siku hizi Mjomba huweka mrija wa plastiki ndani ya kizimba. Panya huingia mwenyewe, naye Mjomba akauinua mrija pamoja na abiria wake. Jambo hili si mzaha. Mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, walionyesha kwamba panya wanaoshikwa mkia hujawa na hofu, ilhali wanaobebwa kwa mrija au kwa viganja vilivyokunjwa kama bakuli humsogelea mtu wenyewe. Fikirini basi: tofauti ya hofu na amani ni kipande cha mrija!

Kisha kuna baridi. Vyumba vingi vya panya huwekwa kwenye joto la nyuzi 20 hadi 24, linalotufaa sisi tuliovaa makoti. Panya mdogo, akiachiwa achague, hupenda karibu nyuzi 30. Kwa hiyo kwake kila siku ni Julai ya Nairobi bila blanketi. Dawa yake ni rahisi: mpe karatasi zilizochanwachanwa, naye atajisukia kiota na kujifunika. Hakuna mtu aliyemfundisha kusuka kiota, wala hakuna kizimba kilichomsahaulisha.

Panya wakubwa nao wana kilio chao. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo, lakini hawa hata wakipatana vipi, sakafu ya plastiki haichimbiki! Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walieleza kwamba vizimba vya kawaida ni vifupi mno hata panya mzima hawezi kusimama wima. Walipopewa vizimba virefu vyenye udongo, walichimba, wakapanda, wakasimama. Waliobaki katika vile vifupi walikuwa wakijinyoosha kwa ubapa mara nyingi zaidi. Yeyote aliyewahi kusafiri kwenye matatu iliyojaa pomoni anajua uchungu wa mgongo usioweza kunyooka.

Huenda mtu akauliza, haya yote yanamsaidia nini mgonjwa hospitalini? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Panya wa maabara ni shahidi. Tunamweka kizimbani ili atuambie ukweli kuhusu dawa. Sasa shahidi aliyetishwa, aliyelala kwenye baridi, aliyeburutwa kwa mkia mpaka mbele ya hakimu, atatoa ushahidi gani? Hofu hubadilisha mapigo ya moyo na homoni mwilini. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, waligundua kwamba hata harufu ya wanaume peke yake huwatia panya wasiwasi kiasi cha kupunguza dalili zao za maumivu. (Wasichana, msicheke sana!) Ikiwa harufu tu inaweza kupotosha kipimo, mkono katili je? Kwa hiyo anayemhurumia panya anamhurumia pia mgonjwa atakayemeza kidonge.

Wala fikira hizi si ngeni. Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliandika kitabu chenye nguzo tatu: tafuta njia nyingine badala ya mnyama inapowezekana, tumia wanyama wachache iwezekanavyo, na wale utakaowatumia, wapunguzie mateso. Hapa Kenya, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamtaka anayefanya majaribio kwa wanyama awe na leseni. Ila leseni hukaa ofisini, na anayefungua kizimba saa mbili asubuhi ni mtu kama Mjomba. Yeye ndiye anayeona panya aliyefumba macho nusu na kulaza masikio nyuma, ishara kwamba ana maumivu. Watu hawa wapewe mafunzo, mirija na karatasi, na wakisema wasikilizwe.

Nilimuuliza Mjomba kama haoni ni kazi bure kumbembeleza panya ambaye mwishowe atauawa. Alinyamaza kidogo, kisha akanijibu, "Hata mgeni wa siku moja hupewa kiti."

Mimi natamani kuwa mtafiti wa dawa. Mungu akinijalia, siku moja mkono utakaoingia kizimbani utakuwa wangu, na labda miongoni mwenu, enyi wapenzi wa Biolojia, mtakuwa nami. Tukifika huko tusisahau kwamba mnyonge hawezi kutushtaki, hana wakili wala chama cha wafanyakazi. Alicho nacho ni utu wetu tu. Ikiwa utu huo utaishia kwa wenye nguvu za kutudai, basi huo si utu, ni woga.

Kwa hayo machache naitua kalamu yangu.